Miaka miwili kanisani, na nilipolazwa hakuna aliyejua

*"Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 31, nimeolewa, ni mhasibu. Miaka miwili iliyopita tulihamia Dar es Salaam kutoka Iringa kwa ajili ya kazi ya mume wangu, tunaishi Goba. Nasali usharika mmoja mkubwa wa mjini, ibada ya kwanza, karibu kila Jumapili, kwa sababu mahubiri ya pale yananijenga. Mwezi wa tatu nilipoteza mimba ya miezi mitano nikalazwa siku sita. Hakuna hata mtu mmoja wa kanisani aliyekuja wala kupiga simu, ila ujumbe wa michango ya harusi uliendelea kuingia kwenye simu yangu nikiwa kitandani. Baadaye nilimweleza mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi, nikamwomba abaki na siri hiyo. Wiki iliyofuata habari yangu ikatajwa mbele ya wote kama ombi la sala. Tangu hapo kikundi nimeacha. Ibadani naenda, nakaa nyuma, natoka kabla matangazo hayajaisha. Mume wangu anasema Wakristo wa mjini ni wanafiki, nihame au nisali nyumbani. Kwetu Iringa ukiugua mafua tu majirani wote wanajua. Je, tatizo ni mimi au ni kanisa? Na nitapataje watu tena bila kuumizwa?"*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa. Neno hilo nimelichagua. Mtoto wa miezi mitano tumboni ana mama, ana baba, na pengine alishapewa jina. Kumpoteza ni msiba. Kama mpaka leo hakuna aliyekupa pole ya msiba, ipokee hii kutoka kwangu ingawa imechelewa.

Nimekusoma mara kadhaa, na naona majeraha mawili umeyafunga kwa kitambaa kimoja. Ulisahauliwa, kisha ukasalitiwa. Uliposahauliwa, watu hawakujua kitu. Uliposalitiwa, walijua kupita ulivyotaka. Ukiyaacha pamoja utabaki unalia kwamba hujulikani na papo hapo unaogopa kujulikana, na hapo hakuna kanisa litakalokutosha, liwe la mjini au la Iringa. Kwa hiyo nitayatenganisha, na nitaanza na la hospitali kwa kuwa ndilo lililozaa la pili.

Mumeo anasema ni unafiki. Namwelewa, alikuona umelala pale siku sita na mlango wa wodi hauingizi mtu. Lakini hebu tujiulize swali moja la kawaida kabisa: siku ile ulipolazwa, nani wa kanisani alijua? Siulizi nani alipaswa kujua. Nauliza nani alikuwa na habari mkononi. Kwa maelezo yako, hakuna. Mumeo hakumpigia mchungaji, labda hana namba yake. Jirani yako wa Goba hasali pale. Mama anayekaa kando yako ibada ya kwanza hajui unakoishi. Habari ya ugonjwa haipeperuki yenyewe, mwanangu. Ina njia yake, na kwako njia hiyo haikuwepo.

Fikiria Iringa ilivyokuwa. Asubuhi mlango wako haujafunguliwa, na salamu ya kwanza, "kamwene", haijasikika. Mtoto katumwa kwako kuomba chumvi, karudi anasema mama kalala. Jirani anapita kuchungulia. Mchana mzee wa kanisa anapita zake shambani, anaambiwa. Jioni mama wawili wako sebuleni na uji. Sisemi hao hawakuwa na upendo. Walikuwa nao mwingi. Ila upendo wao ulipita kwenye njia iliyochimbwa na miaka ya kuombana chumvi. Watu wengi wanaohamia mjini hubeba imani yao, hubeba vitenge vyao vya kikundi, wakadhani na njia hiyo imekuja nao ndani ya basi.

Nikuambie kosa langu mwenyewe, maana sitaki uone kwamba nawatetea wachungaji. Niliwahi kutumika katika usharika wa mjini wenye ibada tatu kila Jumapili. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, mpole, hakosi. Siku moja nikagundua ni wiki ya tano sijamwona. Nilipouliza, kila mmoja alinijibu kwamba alidhani amehamia ibada nyingine. Watu wa ibada ya kwanza walidhani yuko ya pili, wa ya pili walidhani yuko ya kwanza. Alikuwa amelala nyumbani kwake na mguu uliovunjika. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Ibada zikiongezeka, viti vinaongezeka kwa wageni, na hilo ni jema, lakini kutokuwepo kwa mtu kunakosa shahidi. Wewe uliyekaa nyuma ukatoka mapema, nafasi yako ilijazwa na mwingine kabla hujafika kituo cha daladala.

Na usidhani hili ni la siku hizi. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinaanza na manung'uniko: hesabu ya wanafunzi ilikuwa inaongezeka, na wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani "walisahauliwa katika huduma ya kila siku". Hilo ni kanisa la mitume wenyewe, watu waliokula na Yesu. Tazama waliosahauliwa ni akina nani: wale wa lugha nyingine, waliotoka mbali, wasio na shangazi pale mjini wa kuwasemea. Mitume hawakuwaambia waombe zaidi, wala hawakusema wajane wale wana manung'uniko ya kimwili. Walisimamisha watu saba kwa kazi hiyo, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano na Filipo, ni ya Kiyunani. Yaani waliwekwa watu ambao wajane wale wangeweza kuwafikia. Mimi huisoma sura ile kama habari ya njia iliyokatika ikachimbwa upya.

Kuhusu ujumbe wa michango, najua unachoma kuliko yote. Lakini orodha ile ina namba yako tu, haina wewe. Mwenye kamati ya harusi ametuma kwa namba mia tatu kwa mkupuo, na hakujua kwamba moja ya simu hizo iko chini ya mto wa hospitali. Hasira yako ni halali. Ila ni hasira juu ya kujulikana kama namba, na dawa yake ni kujulikana kama mtu. Kukataa kuchangia hakutaiponya.

Kuna sababu nyingine ambayo mumeo hakuitaja, nami nataka nikae hapo kidogo. Makanisa yetu yanaujua msiba kama mkulima anavyojua msimu. Mtu akifa, hakuna anayeuliza afanye nini: tangazo linasomwa, turubai linafungwa, wanawake wanabeba masufuria, kwaya inapanga zamu, rambirambi inaandikwa kwenye daftari. Hata asiyekupenda anajua pa kukaa na neno la kusema. Lakini mimba ikitoka, hakuna tangazo. Hakuna turubai, hakuna daftari, mara nyingi hakuna hata kaburi ambalo watu wamesindikiza. Wanaosikia wanashikwa na bumbuwazi: aende au asiende, aseme pole au kutaja ni kukutonesha, na wengine kwa mila zao wanaona ni jambo la wanawake wa ukoo peke yao. Basi wananyamaza, na kwako wewe kimya hicho kinasomeka kama dharau.

Mwaka wetu wa tatu wa ndoa mke wangu alipoteza mimba. Nilikuwa mchungaji kijana mwenye maneno mengi ya faraja kwa watu wengine, na nyumbani kwangu sikuwa na hata moja. Aliyetusaidia ni mama mmoja wa usharika asiyejua kusoma. Alikuja na chupa ya uji wa ulezi, akafua mashuka, akakaa na mke wangu ukutani juani, akaondoka. Alirudi siku tatu mfululizo. Baadaye sana nikajua kwamba naye alishapoteza wawili. Nakuambia haya ili ujue kwamba ndani ya usharika wako ule mkubwa wapo akina mama wa namna hiyo, pengine benchi la mbele yako, na hawakujui kama wewe usivyowajua.

Sasa uliuliza, tatizo ni mimi au ni kanisa? Tatizo kubwa kuliko yote nadhani ni saa na umbali.

Umenihesabia miaka miwili ya ibada, lakini kuhudhuria na kuzoeana ni vitu viwili. Ibadani tunatazama mbele, wote kwa mchungaji na madhabahu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Urafiki hukua watu wanapotazamana. Mwaka 2018 mtafiti wa Marekani, Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliohamia mahali papya, kama wewe, akitaka kujua inachukua saa ngapi mtu asiyefahamika kuwa rafiki. Alikuta kama saa 50 ndipo mnaanza kuitana rafiki kwa maana ya kawaida, na zaidi ya saa 200 kufikia rafiki wa karibu. Tena si saa zozote: saa za kuwa kazini au darasani pamoja hazikufanya kazi kubwa, bali zile za kula, kupiga soga, kustarehe pamoja. Marekani si Goba, sikatai. Lakini wewe ni mhasibu, piga hesabu. Ukimsalimia mama mmoja dakika kumi kila baada ya ibada, bila kukosa, utazifikisha saa 50 baada ya Jumapili 300, karibu miaka sita. Ukikutana naye saa mbili kila wiki nyumbani kwa mtu, ni miezi sita. Wewe unatoka kabla ya matangazo, kwa hiyo hata hizo dakika kumi huna. Sikulaumu, nataka uone tu kwamba hakuna aliyekukataa. Hesabu haijatimia.

Watafiti wengine wawili, Chaeyoon Lim na Robert Putnam, walionyesha mwaka 2010 kwamba wahudhuriaji wa ibada huridhika zaidi na maisha yao hasa kwa sababu ya marafiki walio nao ndani ya usharika. Anayehudhuria sana bila rafiki hata mmoja pale hapati faida ile. Niliposoma jambo hilo sikushangaa. Nimeiona sura ya mtu wa namna hiyo mlangoni nikiwapa watu mkono, anapita haraka, mkono wake ni baridi.

Kisha umbali. Unaishi Goba, unasali mjini kwa ajili ya mahubiri. Mahubiri mazuri ni chakula, nami ni mhubiri, siwezi kuyadharau. Lakini mhubiri wa mjini hawezi kupita kwako jioni ya Jumatano akitoka dukani. Makanisa yetu yaliligundua hili zamani. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1976 wakazifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao, kwa sababu parokia ilishakuwa kubwa mno kwa mtu kujulikana jina. Kwetu Walutheri nako jumuiya ni za mitaa, nyumba kwa nyumba, Jumamosi alfajiri au jioni katikati ya wiki. Siyo ibada ya watu wachache waliokosa kwenda kwaya. Pale ndipo mtu anaulizwa "mbona mama fulani hayupo?" na kuna anayejua jibu.

Huenda una jumuiya mita mia tatu kutoka nyumbani kwako na hujawahi kuingia, kwa kuwa jina lako limeandikwa mjini. Na nikuulize: ile barua ya utambulisho kutoka usharika wenu wa Iringa, uliifikisha kwa mtu, au bado iko kwenye begi? Nauliza kwa sababu wengi huja nayo ikachakaa. Bila hiyo, kwa wazee wa kanisa wewe bado ni mgeni wa Jumapili, na mzee hawezi kumtembelea asiye kwenye kitabu chake.

Ushauri wangu ni huu. Usisali nyumbani peke yako; katika hali uliyo nayo upweke utakula hata kile kidogo kilichobaki. Usihame kwa hasira pia, maana kanisa jipya ukikaa nyuma na kutoka mapema, litakuwa lile lile na bango jingine. Lakini kuhama kwa ajili ya ukaribu ni jambo jema, na kama ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuambia uhamie usharika ulio jirani na Goba, wenye ibada moja au mbili, hata kama mahubiri yake yatakuwa ya kawaida. Ukikosa kabisa, basi baki mjini ukiwa na jumuiya ya mtaani, na ukubali kwamba itakuchukua muda mrefu zaidi. Mahubiri ya mjini unaweza kuyasikiliza kwenye simu ukipika. Uji hauwezi kuja kwa simu.

Namna ya kuanza. Usiingie ukitafuta marafiki; utachoka, na watu huhisi. Tafuta nyumba moja. Katika jumuiya kutakuwa na mama mmoja anayekaa njia yako ya kurudia. Rudi naye. Wiki ya pili mwombe kitu kidogo: akuelekeze fundi wa cherehani, akuazime ungo, akuonyeshe wanapouza dagaa wazuri. Sisi tumefundishwa kwamba mtu mwema ni anayetoa, hivyo tunaingia kanisani mikono imejaa, hatumwombi mtu chochote, kisha tunashangaa hakuna anayetuombea. Anayeombwa ungo anapata sababu ya kupiga hodi kwako kuufuata. Hapo njia imeanza kuchimbwa.

Utajisikia kwamba unawachosha, kwamba uliongea vibaya, kwamba hawakukupenda. Karibu kila mtu hujisikia hivyo. Utafiti wa Erica Boothby na wenzake, wa mwaka 2018 pia, ulikuta kwamba watu wawili wakikutana mara ya kwanza na kuongea, kila mmoja hudhani mwenzake amempenda kidogo kuliko alivyompenda kweli. Kwa hiyo ile sauti inayokuambia njiani "nimejiaibisha", usiipe uenyekiti.

Jumapili baki mpaka mwisho. Baki kwenye mnada hasa. Yule mzee anayenadi mkungu wa ndizi na jogoo nje ya kanisa anafanya kazi ya kichungaji asiyoijua: watu wanacheka, wanashindana, wanajulishana majina. Nunua trei ya mayai, na kama ni mengi kwenu wawili, mgawie mtu nusu.

Tahadhari moja kwako wewe hasa. Wakisikia ni mhasibu, ndani ya mwezi watataka uwe mhazini. Kataa kwa upole mwaka wa kwanza. Mhazini anajulikana na wote lakini kwa daftari lake, na fedha za kikundi zina ugomvi ambao urafiki mchanga hauwezi kuubeba. Kwa sababu hiyo hiyo usikimbilie kukopesha wala kukopa kwa watu uliowajua juzi. Omba kazi za mikono, kuosha vyombo baada ya jumuiya, kupamba kanisa, kupika siku ya mavuno. Mikono ikiwa ndani ya maji ya sabuni watu huongea mambo ambayo wakiwa wamekaa kwenye viti hawayasemi. Wakikuomba ufundishe shule ya Jumapili, na bado kuona watoto wadogo kunakuuma, sema siyo kwa sasa. Huna deni la kueleza kwa nini.

Nije kwa yule mama aliyetoa siri yako. Ombi la sala, kwa masikitiko yangu, limekuwa mlango wa nyuma wa umbea katika vikundi vingi. Si lazima alikusudia ubaya. Alibeba jambo zito, likamlemea, na mahali pekee alipofundishwa kutua mzigo ni kwenye duara la maombi. Akasahau kwamba mzigo ule ulikuwa na mwenyewe. Hilo halimwondolei kosa. Alikukosea, na maumivu yako ni ya haki.

Mathayo 18:15 inasema, "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu". Wewe umemwonya kwa kutoweka, na yeye pengine anadhani umepata kazi za Jumamosi. Nenda, au mpigie mwonane, usiandike kwenye WhatsApp maana maandishi hayana uso. Mwambie maneno machache: "Mama, nilikuambia jambo langu nikakuomba libaki kwako. Nililisikia limetajwa mbele ya watu. Liliniumiza sana." Kisha nyamaza umwache aseme. Akiomba radhi, umempata. Akijitetea kwamba ilikuwa ni sala tu, mwambie bado lilikuwa lako. Kumsamehe ni wajibu wetu sote. Kumwambia siri nyingine si wajibu. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakafungua mlango kabla kitasa hakijatengenezwa, au wakanyima msamaha wakidhani ndiyo kitasa.

Kwa siku zijazo, siri ipande ngazi. Anza na jambo dogo ambalo likisikika halitakuvunja, kwa mfano kwamba mvua ya Dar es Salaam inakunyima usingizi kwa kuwaza paa lenu. Miezi miwili ikipita hujalisikia popote, ongeza kidogo. Sikiliza pia anavyokuletea habari za wengine: anayekusimulia ya wenzake kwa sauti ya chini, yako nayo ina safari. Na unapotaka kitu kiombewe bila kutajwa, sema hivyo wazi mwanzoni: "Niombee kwa jambo ambalo Mungu analijua." Kikundi kizuri kitaridhika na hapo. Kikundi kinachodai undani kabla ya kuomba, mimi ningekiacha.

Mumeo, nakusihi usimburute. Naye amefiwa. Wanaume wengi huuweka msiba wa namna hii ndani ya hasira kwa sababu hawakupewa mahali pengine pa kuuweka. Mwenye mimba alikuwa mke, na hao wachache waliotoa pole walimpa mke. Maneno yake kwamba Wakristo ni wanafiki yawezekana ni kilio cha mtu ambaye siku sita alikaa kwenye benchi la hospitali peke yake. Mwulize alijisikiaje siku zile, kisha msikilize mpaka amalize. Kama mzee mmoja wa jumuiya atakuja kuwasalimu, aje kwa nyinyi wawili, aongee naye habari za mpira na za Iringa. Kanisa atalifikia kwa mguu wake akipenda.

Yapo mazingira ambayo ushauri wangu wa kubaki na kuvumilia haufai. Viongozi wakikuambia mimba ilitoka kwa sababu ya dhambi au kwa kuwa hukutoa sadaka, wakikukataza dawa, wakitaka fedha ili wakuombee upate mwingine, au wakikuhimiza ujitenge na mumeo na ndugu zako, ondoka siku hiyo hiyo. Huhitaji kumaliza mwezi wala kuaga.

Na kuna jambo ambalo jumuiya nzuri kuliko zote haitalibeba peke yake. Umesema unakaa nyuma na kutoka mapema, hujasema unalalaje. Kama kwa wiki mbili au zaidi usingizi umekupotea, chakula hakina ladha, machozi hayana saa, na yale uliyoyapenda hayana maana tena, hiyo si imani haba. Ni ugonjwa unaotibika, na unatibiwa hospitali. Mweleze daktari wa kliniki uliyotibiwa, au nenda Muhimbili ambako kuna idara ya afya ya akili. Ukijikuta unawaza kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, usingoje Jumapili wala kikao cha jumuiya: mwambie mumeo usiku huo huo mwende hospitali. Na hata kama unalala vizuri, nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake kabla hamjajaribu tena, mwulize sababu ya mimba ile kutoka kama inajulikana. Wanawake wengi hukaa miaka wakijishtaki kwa jambo ambalo daktari angelieleza kwa dakika kumi.

Mwisho, mchungaji wa pale unaposali sasa bado ni mchungaji wako mpaka utakapohama. Piga simu ofisi ya usharika, omba miadi ya nusu saa, nenda wewe na mumeo akikubali. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, pamoja na lile la michango. Anahitaji kujua kwamba alikuwa na mshiriki hospitalini siku sita. Kama mlimpa mtoto jina, mtajieni, na mwombeni awafanyie sala fupi ya kumkabidhi kwa Mungu, hapo hapo ofisini au nyumbani kwenu Goba. Hamhitaji tangazo wala turubai. Watu wanne au watano mtakaowachagua wanatosha, na mmoja wao awe jirani.